Arifa Mia Kwa Siku Si Ujanja, Ni Kelele

Wasee, kuna majigambo fulani yameingia mtaani na lazima mtu ayaseme. Msee anakuonyesha simu yake, kwa juu kuna namba nyekundu, mia mbili na kitu, halafu anatabasamu. "Mimi nafuatilia tovuti zote. Kazi za serikali, tenda, ufadhili wa masomo, bei ya laptop, kila kitu. Ikibadilika tu, napata arifa." Unamuuliza, ya mwisho kufungua na kusoma ilikuwa lini? Kimya.

Msimamo wangu ni huu na sitaulainisha: arifa ambayo hujaiwekea kichujio haikusaidii, inakufundisha kupuuza. Na ukishafundishwa kupuuza, siku ile kitu cha kweli kitatokea utakipuuza pia, vizuri kabisa, kama venye umezoezwa.

Kwa wale hawajawahi kugusa hizi programu, nawaambia haraka. Kuna Distill, kuna Visualping, kuna changedetection.io ambayo unaweza kuiweka kwa kompyuta yako mwenyewe bila kulipa. Unaipa anwani ya ukurasa, inaenda kuuangalia kila baada ya muda fulani, inalinganisha na venye ulikuwa mara ya mwisho, ukibadilika inakutumia ujumbe kwa barua pepe ama Telegram. Ni hivyo tu. Na wazo lenyewe ni la babu zetu: programu ya diff, ile ya kulinganisha faili mbili mstari kwa mstari, ilitoka Bell Labs ikiwa ndani ya Unix mwaka wa 1974. Kuona tofauti ni kazi ambayo kompyuta imeimudu kwa miaka 50. Kujua ni tofauti gani inakuhusu, hiyo hakuna mtu atakufanyia.

Na hapa kwetu si mchezo wa watu wa kompyuta. Tume ya Utumishi wa Umma inatangaza nafasi zake kwa tovuti. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya tenda za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na hizo tenda zinawekwa mtandaoni. Kifungu cha 118 cha Katiba kinataka Bunge lishirikishe wananchi, na tangazo la kukuambia tuma maoni kabla ya tarehe fulani linawekwa kwa ukurasa fulani, saa ile wanataka, na wakati mwingine siku zilizobaki unazihesabu kwa vidole. Mtoto wa mtu mkubwa hahitaji arifa, yeye anapigiwa simu. Wewe na mimi ndio tunategemea ukurasa. Kwa hivyo ukiharibu arifa zako kwa uvivu, unajifungia mlango ambao tayari ulikuwa mwembamba.

Sasa tuangalie kelele inatoka wapi, juu watu wengi wanalaumu programu bure.

Fungua ukurasa wowote wa kaunti ama wizara na uutazame kama mtu mwenye shaka. Kwa juu kuna tarehe na saa. Katikati kuna picha zinazojibadilisha zenyewe, gavana akikata utepe, gavana akipanda mti, gavana akikata utepe mwingine. Kwa upande kuna "habari mpya". Kwa chini kuna kaunta ya wageni, ile ya kusema umetembelewa na watu kadhaa leo. Na ndani ya msimbo, penye macho yako hayafiki, kuna tokeni za usalama za fomu ambazo zinabadilika kila mara ukurasa unapofunguliwa. Kile unachotaka wewe ni jedwali moja dogo katikati lenye nafasi za kazi.

Programu ikiambiwa "fuatilia ukurasa", inafuatilia yote hayo. Nyingine zinafanya ukurasa mzima uwe alama moja fupi, wenyewe wanaita hashi. Ukitumia SHA-256, badilisha herufi moja tu na alama yote inageuka, huwezi hata kuitambua. Kwa hivyo kaunta ya wageni ikitoka 4,011 hadi 4,012, kwa macho ya programu dunia imepinduka.

Piga hesabu. Kurasa 20, kila moja inaangaliwa kila nusu saa, hiyo ni mara 48 kwa siku kwa kila ukurasa, jumla 960. Kama kila ukurasa uko na saa kwa juu, umejiletea arifa 960 kwa siku na hakuna hata moja ya maana. Halafu unashangaa kwa nini uliziweka kimya wiki ya kwanza.

Najua jibu lenu, nimelisikia mara nyingi: "Si bora nipate mia za uongo kuliko nikose moja ya kweli?" Inasikika kama busara. Shida ni kwamba hauipati hiyo moja. Iko namba 63 katikati ya 100, na wewe uliacha kusoma kwa namba 5. Hapo umekosa ile ya kweli NA umepoteza bando kwa zile za uongo.

Na si sisi peke yetu. Marekani, shirika linaloidhinisha hospitali, Joint Commission, lilitoa onyo mwaka wa 2013 kuhusu kengele za mashine za wagonjwa: kati ya asilimia 85 na 99 ya kengele hizo hazikuhitaji mhudumu kufanya chochote. Wauguzi ni watu waliosomea kazi, mgonjwa yuko mbele yao, na bado sikio linachoka. Mwaka huohuo wa 2013 duka kubwa la Target liliibiwa namba za kadi za benki milioni 40, na mfumo wao wa usalama ulikuwa umetoa tahadhari kabla mambo hayajaharibika kabisa. Tahadhari ilifika. Hakuna mtu alichukua hatua. Kama watu wanaolipwa mshahara kuangalia arifa wanaweza kupitwa, wewe uliye kwa matatu ya Githurai saa moja jioni, umeshika begi na simu iko asilimia 9, utajiambia nini?

Niliwahi kufanya kibarua na timu moja ya duka la mtandaoni hapa Nairobi, sitaitaja. Walikuwa na grupu maalum ya arifa, tovuti ikianguka ujumbe unaingia hapo. Niliuliza nani anaiangalia. Kila mmoja alisema yule mwingine. Wote walikuwa wameiweka kimya, kila mtu kwa siri yake. Ilikuwa inalia usiku na mchana, na siku tovuti ilianguka kweli, aliyewaambia ni mteja, kwa simu, akiwa na hasira.

Basi vichujio. Sitawapa orodha ya hatua kumi, video za hivyo zimejaa kila mahali. Nataka muelewe mambo machache penye watu huanguka.

La kwanza na kubwa: chagua kipande, achana na ukurasa. Karibu kila programu ya hizi inakuruhusu kubofya sehemu unayotaka, ama kuandika selekta ya CSS au XPath, yaani anwani ya hicho kipande ndani ya ukurasa. Kwa kompyuta, bofya kulia juu ya jedwali, chagua kukagua, utaona jina lake. Chukua hilo jina, weka kwa programu. Saa, kaunta, gavana na utepe wake, wote wameondoka kwa mkupuo mmoja. Naamini kelele nyingi zinaisha hapo hapo, na ni kazi ya dakika mbili. Mtu ambaye hajafanya hii dakika mbili asiniambie programu ni mbaya.

Lakini watengenezaji nao wako na lao. Nyingi za hizi programu ukiziacha venye zilivyo zinaanza na ukurasa mzima, na wanaolipisha wengi wanalipisha kwa idadi ya ukaguzi. Mpango wa bure unakupa ukaguzi wa kuhesabu, unaisha, unaambiwa panda daraja. Hakuna mtu ana haraka ya kukwambia kwamba ukurasa wa tenda unaobadilika mara moja kwa wiki hauhitaji kuangaliwa kila dakika tano. Mara mbili au tatu kwa siku inatosha kabisa. Gazeti Rasmi la Kenya kwa kawaida hutoka Ijumaa, sasa unalikagua Jumatatu saa nane usiku ukitafuta nini? Na pia heshimu seva za watu, bana. Zingine zinapumua kwa shida tayari.

Pili, na hapa wajuaji ndio huumia: kupuuza kupita kiasi. Umechagua kipande chako vizuri, lakini ndani kuna mstari wa "ilisasishwa saa 10:42", kwa hivyo bado inalia. Unaandika rejeksi, ile kanuni ya kutambua mpangilio wa herufi, ya kusema puuza namba. Namba zote. Kimya kinaingia, unajisikia fundi. Halafu tarehe ya mwisho ya kutuma maombi inasongeshwa kutoka tarehe 21 hadi tarehe 14, na kichujio chako kinaona... namba. Kinapuuza. Hakikukosea, kilifanya ulichokiambia. Kanuni ya kupuuza lazima iwe nyembamba kama sindano: puuza namba mbili, nukta pacha, namba mbili, tena kwa ule mstari wa "ilisasishwa" peke yake. Tarehe usiguse.

Hadithi ni hiyo hiyo kwa maneno ya kutafuta. Unaweza kuiambia programu isikusumbue mpaka neno fulani litokee. Safi, lakini tovuti zetu zinaandikwa na watu tofauti siku tofauti. Leo kazi imeandikwa kwa umoja, kesho kwa wingi, keshokutwa yote kwa herufi kubwa, na wiki ijayo tangazo ni picha iliyopigwa kwa simu ambayo haina herufi hata moja ya kusomwa na programu. Kwa hivyo tafuta shina la neno, zima ile ya kutofautisha herufi kubwa na ndogo, na kama ofisi ina tabia ya kuweka picha ama PDF, fuatilia orodha ya viungo badala ya maneno. Kiungo kipya kikitokea, hiyo ndiyo habari.

Kuna mitego midogo nitaipitia mbio. Orodha ikipangwa upya bila kitu kuongezwa, utaambiwa imebadilika. changedetection.io iko na chaguo la kupanga mistari kialfabeti kabla ya kulinganisha, na lingine la kukuarifu mstari ambao haujawahi kuonekana tu. Washa. Tangazo la zamani likiondolewa, mara nyingi halikuhusu, kwa hivyo sema unataka yaliyoongezwa na yaliyobadilishwa, yaliyofutwa baadaye. Na ukurasa wa hitilafu! Tovuti ikienda chini, mahali pa jedwali panakuja "tunafanya marekebisho". Programu inapiga kelele. Ikirudi, inapiga tena. Arifa mbili, habari sifuri. Dawa ni kutaka neno ambalo lazima liwepo siku zote, kama kichwa cha jedwali. Neno likikosekana, programu inyamaze, ijaribu tena baadaye.

Hilo linanileta kwa wale wanaofuatilia kama tovuti iko hai ama imekufa, hasa nyinyi mnaotengenezea watu tovuti za biashara. Hapa hesabu ni tamu. Kukagua kila dakika ni mara 1,440 kwa siku. Tuseme asilimia moja ya ukaguzi inafeli kwa bahati mbaya tu, mtandao umekwama kidogo. Hiyo ni kama arifa 14 za uongo kila siku. Sasa sema: usiniambie mpaka ifeli mara mbili mfululizo. Kama hizo bahati mbaya hazitegemeani, unashuka hadi moja kwa wiki hivi. Mara tatu mfululizo, moja kwa karibu miaka miwili. Umelipa nini? Dakika mbili za kuchelewa. Kweli huwa hazitegemeani? Hapana, mtandao ukikwama huwa unakwama dakika kadhaa, kwa hivyo hesabu halisi haiwi nzuri hivyo. Ndio maana unaongeza jicho la pili, mahali pengine.

Juu fikiria: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ya Kenya ikawa ya kutambaa. Kama seva yako iko Nairobi na mkaguzi wako yuko Ulaya, angekwambia umekufa wakati mteja wa Kasarani ananunua vizuri. Ama geuza: mkaguzi ni laptop yako kwa nyumba, stima zinapotea kama ule usiku wa Agosti 25, 2023, nchi karibu yote giza, na laptop inaandika kwamba tovuti ya mteja imeanguka. Tovuti iko sawa, wewe ndio umeanguka. Macho mawili, sehemu mbili, arifa itoke wote wakikubaliana.

Kuna wale wataniambia siku hizi hayo ni ya zamani, akili bandia itasoma mabadiliko na kuniambia ya maana. Sawa, inasaidia, sikatai, kwa kufupisha hasa. Lakini ukiilisha ukurasa mzima wenye saa na kaunta na utepe wa gavana, unalipia ikusomee takataka mara 960 kwa siku. Na nani aliiambia kwamba tarehe kutoka 21 hadi 14 ni jambo kubwa kwako? Bado ni wewe lazima useme unataka nini. Huko ndiko watu wanakimbia, kukaa chini na kusema: mimi nataka kazi ya aina hii, tenda ya kiasi hiki, hii kaunti, basi. Kurasa 200 ni njia ya kuepuka kuamua.

Serikali nayo haijapona. Teknolojia ya RSS, ya tovuti kutangaza yenyewe "nimeongeza kitu", imekuwepo tangu 1999. Sheria ya Kupata Habari iko tangu 2016. Ofisi ya umma kutuacha tuchungulie ukurasa wake kama majirani kwa dirisha, wakati ingeweza kututumia habari, ni aibu. Na hapa kuna siri ndogo: tovuti nyingi zimejengwa kwa WordPress, na WordPress inatoa huo mlisho wa RSS yenyewe hata kama ofisi haijui. Ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani ujaribu. Ikifunguka, achana na haya mambo yote ya selekta, tumia mlisho. Hauna kaunta, hauna slaidi, unapata kilichoongezwa tu.

Kitu kimoja kabla sijawaachilia. Ukishachuja vizuri, simu itanyamaza, na hicho kimya usikiamini haraka. Tovuti ikibadilisha muundo, selekta yako inaelekeza penye hakuna kitu, na programu nyingine hazisemi, zinakaa tu. Kimya cha "hakuna habari" na kimya cha "nimevunjika" vinafanana kabisa kwa skrini. Kwa hivyo washa arifa ya kichujio kukosa kipande chake, changedetection.io iko nayo. Halafu Jumapili jioni, ukiwa unapiga pasi nguo za wiki, fungua zile kurasa zako tano kwa mkono. Linganisha na kile programu ilikuambia wiki hiyo. Kama kuna tangazo kwa ukurasa na halikufika kwa simu, pasi iweke chini, rekebisha kichujio saa hiyo hiyo.